Hofu Tunajifunza, na Ujasiri Pia Tunajifunza



Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tuseme mama wa kikundi hapa Malava alipata ajali ya matatu barabara ya Webuye. Mwili wake umejifunza somo moja: gari ni kifo. Akisikia honi, moyo unadunda na jasho linamtoka. Basi anaacha kwenda soko la Kakamega. Akibaki nyumbani anapata nafuu, na hapo ndipo hofu inaponona. Biashara nayo inakufa.

Je, tufanyeje? Tusimcheke, wala tusimsukume garini kwa nguvu. Mwaka 1924 huko Marekani, mama Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto aliyeogopa sungura. Alimsogezea sungura kidogo kidogo huku mtoto akila chakula alichokipenda, mpaka akaweza kumshika. Sisi nasi leo tusimame na mwenzetu stejini, kesho aketi ndani ya gari lililosimama, halafu tusafiri naye kituo kimoja. Asikimbie, akae mpaka moyo utulie.

Tujue pia kwamba hofu ya kale haifutiki kabisa. Somo jipya huifunika. Ikirudi, hajashindwa. Turudie pole pole. Ikizidi wiki nyingi na kumnyima usingizi, tumsindikize hospitali. Huo ni ugonjwa, si kurogwa.

Nauli ya safari ya kwanza itoke mfuko wa kikundi. Mnaonaje?