Mali Kauli: Allidina Visram na Deni Lililojenga Maduka

Mada kwa semina ya wafanyabiashara vijana, Nyakasanza, Bunia



Nimeombwa nizungumze juu ya Mhindi aliyeanza mikono mitupu akaja kuwa tajiri mkubwa. Nimemchagua Allidina Visram, kwa sababu safari yake ya mwisho ya biashara ilikuwa ya kuja Kongo. Alishikwa na homa huku kwetu, akarudi Kampala, na huko akafariki mwaka 1916. Alikuwa mtu wa miaka 65 hivi. Aliacha maduka yaliyotapakaa kutoka Mombasa mpaka Uganda, na matawi Sudan ya kusini na upande huu wa Kongo. Watu wa zama zake walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Alizaliwa 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, magharibi mwa India, katika jamaa ya Waismailia. Mwaka 1863 alivuka bahari akafika Zanzibar, kisha Bagamoyo. Hesabuni wenyewe: mtoto wa miaka 12, pengine rika la vijana wanaobeba mizigo yenu sokoni. Pale Bagamoyo alifanya kazi katika biashara ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiwatafutia wasafiri wa bara wapagazi, vitambaa na vyakula vya njiani. Sewa Haji alipofariki 1897, Allidina alikuwa tayari na misafara yake mwenyewe, na maduka yake yalikuwa yamefika mpaka Ujiji.

Sasa swali ambalo kila mmoja hapa analo moyoni: mtaji aliupata wapi?

Wazee wa pwani wana neno lake: mali kauli. Ni mali unayopewa kwa neno tu. Chukua, nenda ukauze, ukirudi utalipa. Tajiri wa Bombay alimwamini mwenye duka kubwa wa Zanzibar, wa Zanzibar akamwamini wa Bagamoyo, wa Bagamoyo akamwamini kijana anayeingia bara na majora ya merikani na kaniki, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Malipo yalirudi kwa njia ileile baada ya miezi mingi, yakiwa pembe za ndovu, nta na ngozi. Katika mlolongo huo wote fedha taslimu ilikuwa kidogo sana. Kilichozunguka kilikuwa deni, na deni lilizunguka kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa mwenzake. Aliyekula mali ya watu hakupoteza kazi peke yake. Aibu ilimfuata mpaka jamatkhana anaposali, ikafika kwa baba yake kijijini, ikamharibia posa.

Kwa hiyo mimi sikubali kabisa maneno kwamba alijitengeneza mwenyewe. Alitengenezwa na watu waliomwamini akiwa hana kitu, na sifa yake kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba alipokuwa na kitu aliwaamini wengine vilevile. Aliwaleta vijana kutoka kwao India, akawaweka nyuma ya meza za maduka yake, akawapa mali. Kufika mwaka 1909 hivi inasemwa walikuwa mamia. Wengi walijifunza kazi kwake, kisha wakasimama peke yao.

Angalieni pia duka lenyewe lilivyofanya kazi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, nao walihitaji mchele, dengu, samli na viungo. Allidina aliifuata reli kwa maduka. Kazi ya reli ilipokwisha, vibarua wengi wakarudi kwao, ila maduka hayakufungwa, kwa kuwa duka lake halikuwa la kuuza tu. Mkulima alikuja na ufuta, karanga, ngozi au nta, akapimiwa, akaondoka na chumvi na kitambaa. Uganda ilipoanza kulima pamba, alikuwepo kununua, akajenga na viwanda vya kuichambua. Mzigo ulikwenda ukiwa umejaa, ukarudi umejaa.

Pitieni barabara kuu ya mji wetu mhesabu maduka yanayomuuzia mkulima sabuni na chumvi, halafu mhesabu ni mangapi kati ya hayo yananunua maharagwe yake. Mkulima wa Djugu au Irumu anauza kwa mtu mmoja, ananunua kwa mwingine, na hakuna anayemjua vya kutosha kumwamini. Allidina alimjua mteja wake kwa pande zote mbili. Alijua shamba lake lilivyozaa msimu uliopita.

Nisiwafiche upande mwingine. Pembe alizonunua zilitoka katika misitu kama hii yetu, na wapagazi walizibeba mabegani kwa mamia ya kilomita. Ile imani pia ilikuwa na mipaka ya rangi. Serikali za kikoloni ziliweka sheria zilizomfungia Mwafrika mlango wa mkopo. Tanganyika, kwa mfano, sheria ya 1931 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilompa Mwafrika bila kibali cha serikali. Walisema ni kumlinda. Matokeo yake mwenye duka Mhindi aliendelea kupewa mali kauli na ndugu zake, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka alidaiwa fedha mkononi. Anayesema babu zetu hawakuwa na akili ya biashara ataje na sheria hiyo.

Na sisi Bunia mali kauli tulikuwa nayo. Mama yangu mdogo aliuza vitenge hapahapa Nyakasanza. Aliwapa wenzake wa Kasenyi na Mahagi, wakamlipa kila walipotoka sokoni. Mei 2003, wakati wa vita, hata parokia yetu ya Nyakasanza isiposalimika, wadeni wake walitawanyika, wengine Beni, wengine Uganda. Vitenge vilikwenda, na majina yalikuwa kichwani mwake tu. Aliishi miaka mingine mingi, ila hakumkopesha tena mtu asiye wa kabila lake. Simlaumu. Lakini soko la mji huu haliwezi kukua ikiwa kila mmoja anamwamini wa lugha ya mama yake peke yake, maana samaki wako ziwani, maharagwe yako milimani na dhahabu iko Mongbwalu, na hizo ni lugha tatu.

Biashara ya Allidina nayo haikudumu. Mwanawe, Abdulrasul, aliyejenga kwa jina la baba yake shule ya sekondari inayosimama Mombasa hadi leo, iliyofunguliwa 1923, hakuishi muda mrefu baada ya baba, na katika miaka michache ule mtandao wa maduka ulivunjika. Nadhani mengi yalishikwa na mtu mmoja: nani anaaminika, nani apewe msimu ujao, nani asubiriwe. Akifa mtu huyo, mali kauli inabaki mali bila kauli.

Ndiyo maana nimekuja na madaftari haya. Mchana huu naomba mkae wawili wawili, na kila mmoja akae na mtu asiyezaliwa katika lugha yake. Mtaandika makubaliano ya mzigo mdogo, gunia moja au katoni moja: nani ametoa, nani amepokea, bei, siku ya kulipa, shahidi wa upande wa huyu na shahidi wa upande wa yule, na jina la mtu wa nyumbani atakayejua habari za deni kama mwenye daftari hayupo. Wenye likelemba, ile michango ya kupeana kwa zamu, wanajua namna ya kuandika zamu, watusaidie. Mzigo wa pili uwe mkubwa kuliko wa kwanza ikiwa wa kwanza umelipwa. Tutakutana tena baada ya miezi mitatu, na kila wawili waje na daftari lao.