Cheti Mkononi, Je, Kazi Unaiweza?

(Mazungumzo na wazazi na vijana wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya intavyu za kazi ya kuandika programu za kompyuta. Msiseme ati hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Karo inatoka mifukoni mwetu. Wengine wetu wameuza mbuzi, wengine wamekopa kikundini.

Kikundi chetu kilimchangia kijana mmoja karo ya miaka miwili. Akapata cheti kizuri. Alipoitwa intavyu, alipewa karatasi na kalamu, akaambiwa aandike programu fupi. Nusu saa ikaisha, karatasi nyeupe! Baadaye alituambia, "Nilikariri maelezo ya mwalimu. Kuandika programu mimi mwenyewe, sikuwa nimezoea." Tulinyamaza. Kumbe hata sisi tulikosa: kila likizo tulimuuliza, "Umepita?" Hatukumwambia, "Hebu tuonyeshe unaloweza."

Jaribio la namna hiyo si kubwa. Mwaka 2007 Imran Ghory alieleza moja aliloliita FizzBuzz, kutokana na mchezo wa watoto wa shule huko Uingereza. Aliandika kwamba wengi wa waliohitimu masomo ya kompyuta chuo kikuu hawaliwezi kwa dakika chache.

Hebu tulicheze kwa maneno yetu. Tuhesabu 1 mpaka 100. Namba ikigawanyika kwa 3, usiitaje, sema "ugali". Ikigawanyika kwa 5, sema "sukuma". Ikigawanyika kwa zote mbili, sema "ugali na sukuma". Haya basi: 1, 2, ugali, 4, sukuma, ugali, 7, 8, ugali, sukuma, 11, ugali, 13, 14, ugali na sukuma!

Kwenye intavyu kijana haimbi hesabu hiyo. Anaandika maagizo ili kompyuta iihesabu. Shida iko kwa 15. Ukiiambia kompyuta iulize kwanza habari ya 3, kisha iishie hapo, itasema "ugali" tu, sukuma imesahaulika. Afadhali ianze kuuliza habari ya zote mbili. Kompyuta haibahatishi, inafuata ulichoandika.

Mkitaka kujipima, jibu sahihi ni hili: ugali peke yake mara 27, sukuma peke yake mara 14, ugali na sukuma mara 6, na namba tupu 53. Jumla ni 100.

Mwajiri anatafuta nini hapo? Hatafuti bingwa. Ni kama sisi tukitaka fundi wa kujenga tangi la maji: tunamwambia kwanza apange matofali machache, tuone kama anajua kushika mwiko.

Lakini tuseme haki. Mtu anayejua anaweza kutetemeka mbele ya wageni, na jaribio dogo halipimi kila kitu. Tena jaribio hili sasa limejulikana sana, na wako wanaolikariri. Mwajiri mwema humpa mtu nafasi ya kufikiri, humwomba aeleze alichoandika, halafu hubadilisha namba: "Sasa tumia 4 na 7." Aliyekariri atakwama, aliyeelewa ataendelea.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kulipa karo, tuulize chuo: wanafunzi wanaandika programu kwa mikono yao mara ngapi kwa juma?
2. Kijana asiye na kompyuta afanye mazoezi kwa daftari na penseli.
3. Kila likizo, aeleze kazi moja mbele ya kikundi.

Kijana wetu bado anatafuta kazi. Lakini kwenye mkutano uliopita aliandika jaribio hili ubaoni. Tukambadilishia namba. Akafuta, akafikiri kidogo, akaandika tena, ikawa sawa. Mama mmoja akasema, "Sasa nimeona karo yangu."

Nyinyi je, kikundini kwenu mmewahi kuiona yenu?