Habari za Jela na Probesheni Haziuzwi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Taru)



Nimeombwa niseme juu ya jela. Msicheke. Kijana wa mwenzetu akishikwa leo, kesho baba yake haonekani kazini, na mshahara wa mwezi huliwa na watu wanaouza habari mlangoni: nipe elfu mbili nikwambie mwanao yuko wapi. Habari hiyo haina bei.

Sisi wa njia hii twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, maelfu walioshikwa Nairobi waliletwa kambi za Mackinnon Road na Manyani, huku huku kwenye reli yetu, bila kupelekwa kwa hakimu. Mafaili mengi ya siku zile yalichukuliwa Uingereza yakafichwa. Serikali ya huko ilikiri kuwa nayo mwaka 2011, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Basi karatasi ina nguvu.

Sasa sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaonyesha njia. Waandika barua, na Kiswahili chatosha. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo. Afisa ataandika na kumpa nakala. Kuomba ni bure, ila waweza kutozwa gharama ya kunakili. Jibu lije katika siku 21. Lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Maneno hayo yaandikeni juu kabisa ya barua! Wakikataa, una siku 30 za kupeleka shauri kwa tume ile iitwayo Ombudsman.

Tena tusichanganye ofisi. Jela ni idara moja, probesheni ni nyingine. Afisa wa probesheni ndiye anayemwandikia hakimu ripoti kabla ya hukumu, na huja mitaani kuuliza mwenendo wa kijana. Sisi tukimwona twajificha, twadhani ni askari. Kumbe ripoti yake yaweza kumfanya hakimu amrudishe kijana nyumbani chini ya uangalizi, kwa miezi 6 hadi miaka 3. Kazi ya jamii nayo ipo kwa sheria ya mwaka 1998.

Na aliyefungwa? Kwa makosa mengi, mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja na mwenendo mwema hupunguziwa theluthi. Miezi 18 huwa 12. Mama yake aulize tarehe ya kutoka, aandikiwe.

Ombi langu ni hili. Katibu wetu aiandikie idara ya Magereza, kwa Kiswahili, aulize: jela ya Kwale ilijengwa kwa watu wangapi, leo wamo wangapi, na katika hao mahabusi wasiohukumiwa ni wangapi. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala ipigwe muhuri. Siku ya 22 tukutane hapa tusome jibu, au tuandike kwa Ombudsman.