Kutoka Efeso hadi Kalsedonia: Ubishi juu ya Kristo na Haki ya Walioshindwa



Mada niliyopewa inahusu miaka 23 tu ya historia ya Kanisa: tangu mwaka 428, Nestori alipowekwa kuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, hadi mwaka 451, maaskofu walipokutana Kalsedonia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosporo. Madarasani kwetu miaka hiyo huelezwa kwa pumzi moja. Nestori alimgawa Kristo akawa wawili, Eutike akauzamisha ubinadamu wake ndani ya umungu, Mtaguso wa Kalsedonia ukatamka asili mbili katika nafsi moja, basi, somo limekwisha. Sisemi maelezo hayo ni ya uongo. Nasema yanawafanya walioshindwa waonekane watu waliomdharau Kristo, na hilo ndilo ninalokuja kulipinga mbele yenu.

Mtaguso wa Nisea mwaka 325 na ule wa Konstantinopoli mwaka 381 ilikuwa imekwisha kukiri kwamba Mwana ni Mungu kweli, sawa na Baba. Likabaki swali lisilokwepeka. Yule aliyelala usingizi mashuani, aliyelia kwenye kaburi la Lazaro, aliyesema hajui siku ile wala saa ile, ni nani hasa? Njaa ile, machozi yale na kifo kile vilimpata nani?

Walimu wa Antiokia, wakiongozwa na Theodoro wa Mopsuestia, waliogopa kusema kwamba Mungu aliona njaa au alikufa. Na hofu yao ilikuwa na msingi, kwa sababu Ario alikuwa ametumia udhaifu huohuo wa Yesu kama ushahidi kwamba Mwana si Mungu kamili. Kwa hiyo walitenganisha kwa uangalifu yanayohusu umungu na yanayohusu ubinadamu. Tena waliujali sana ubinadamu huo: utii wa Yesu kwao ulikuwa utii wa kweli wa mwanadamu, na majaribu yake yalikuwa majaribu ya kweli. Aleksandria nako askofu Sirili alishika upande mwingine wa jambo hilohilo. Ikiwa aliye msalabani si Neno mwenyewe katika mwili wake, basi amekufa mtu tu, na mtu hawezi kumtoa mwenzake mautini. Aliuliza pia juu ya Ekaristi: mwili tunaoupokea utatupaje uzima, usipokuwa mwili wa Neno mwenyewe?

Pande zote mbili zilikuwa zinautetea wokovu wetu. Bila kulishika hili, kila kilichofuata kitaonekana ugomvi wa wasomi.

Moto uliwashwa na sala. Waamini walikuwa wamezoea tangu zamani kumwita Maria Mzazi wa Mungu. Padre mmoja wa Nestori aitwaye Anastasio akahubiri dhidi ya jina hilo, Nestori akamtetea na kupendekeza Maria aitwe Mzazi wa Kristo. Watu wakasikia askofu wao anawanyang'anya sala. Barua zikaanza kwenda na kurudi baina ya Sirili na Nestori, zikizidi ukali, mpaka kaisari Theodosi II akaitisha mtaguso Efeso.

Tarehe 22 Juni 431 Sirili aliufungua mtaguso huo bila kumngoja Yohane wa Antiokia na maaskofu wake waliokuwa bado njiani. Siku hiyohiyo Nestori akavuliwa uaskofu. Yohane alifika siku nne baadaye, akafanya kikao chake, akamvua Sirili. Kaisari akawaweka Sirili na Nestori chini ya ulinzi. Sirili alijinasua, na wakati huo zawadi za dhahabu, mazulia na viti vya pembe za ndovu zilikuwa zinamiminika kwa wakubwa wa ikulu. Orodha ya zawadi hizo imehifadhiwa mpaka leo. Naomba tusiifiche orodha hiyo tunapofundisha. Sirili ni Mwalimu wa Kanisa, na kwangu mimi hakuna aliyeufikia umoja wa Kristo kwa kina kama yeye katika karne ile. Lakini namna alivyoshinda iliacha kidonda. Tumpe pia haki yake: mwaka 433 alikubali tamko la upatanisho lililotoka upande wa Yohane, lenye kutaja asili mbili zilizounganika, ingawa baadhi ya wafuasi wake walinung'unika.

Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa Kalsedonia. Sirili alipenda kusema juu ya asili moja ya Mungu Neno iliyofanyika mwili. Aliamini maneno hayo ni ya Athanasi, kumbe yalitoka kwa Apolinari wa Laodikia, mwalimu aliyehukumiwa na Kanisa, ambaye wafuasi wake walisambaza maandishi yake kwa jina la Athanasi. Hata hivyo Sirili aliyatumia kwa maana njema: Kristo aliye hai ni mmoja. Baada yake mmonaki Eutike wa Konstantinopoli aliyashika kwa ugumu usiosikia maelezo, akahukumiwa mwaka 448 na askofu mkuu Flaviano. Mwaka uliofuata, katika kikao kingine huko Efeso, Dioskoro mrithi wa Sirili alimrudisha Eutike na kumvua Flaviano, ambaye alikufa muda mfupi baada ya kutendewa vibaya. Barua ya Papa Leo juu ya asili mbili haikusomwa kabisa. Leo akakiita kikao hicho kikao cha wanyang'anyi, na nafikiri alisema kweli.

Theodosi akaanguka kutoka kwa farasi wake akafa Julai 450. Dada yake Pulkeria akaolewa na Marciano, kaisari mpya, na Oktoba 451 maaskofu wapatao mia tano wakakusanyika Kalsedonia, katika kanisa la Mtakatifu Eufemia.

Hapa ningependa tukae kidogo. Rasimu ya kwanza ya tamko ilisema Kristo ametoka katika asili mbili, na maaskofu wengi waliipenda. Wajumbe wa Leo wakatishia kurudi kwao. Maofisa wa kaisari wakauliza: Dioskoro anakubali maneno hayo, Leo anasema asili mbili zimo ndani ya Kristo; mnamfuata nani? Wakajibu, Leo. Tamko la mwisho likasema Kristo mmoja anajulikana katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Naliamini tamko hilo kwa moyo wote. Lakini angalieni lilivyopatikana: swali la imani liligeuzwa kuwa swali la kuchagua mtu, na mmojawapo wa watu hao alikuwa amekwisha kuvuliwa uaskofu. Tena Anatoli, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alisema waziwazi mle kikaoni kwamba Dioskoro hakuvuliwa kwa ajili ya imani. Kosa lake lilikuwa kumtenga Leo na kukataa wito wa mtaguso mara tatu.

Maaskofu 13 wa Misri waliomba kwa machozi wasilazimishwe kutia sahihi barua ya Leo, kwa kuwa wakirudi nyumbani watauawa. Baadhi ya wenzao waliwadharau. Mwaka 457 patriarki Proterio, aliyewekwa Aleksandria na upande wa Kalsedonia, aliuawa na umati wa mji wake.

Wakopti, Waethiopia, Wasiria na Waarmenia waliokataa Kalsedonia hawakumfuata Eutike. Wanamhukumu kama sisi. Wanakiri kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Naye Nestori, katika kitabu alichoandika uhamishoni na kilichochapishwa mwaka 1910 kutoka nakala ya Kisiria, anasema imani ya Leo na Flaviano ndiyo imani yake. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi ukiri mmoja juu ya Kristo. Mwaka 1994 Yohane Paulo II alifanya vivyo hivyo na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Waashuru, na kila upande ukakubali jina ambalo mwenzake anamwitia Maria.

Jambo hili haliko mbali nasi. Nairobi wapo Wakopti na wapo Waorthodoksi wa Patriarki wa Kigiriki wa Aleksandria. Wote wanajiita warithi wa kiti cha Marko, na waliachana kwa sababu ya Kalsedonia. Wanafunzi wetu wanakaa nao madarasani na kuoana nao. Basi nawaomba, mnapoandaa masomo ya mwaka ujao, futeni neno wazushi mahali lilipoandikwa kwa ajili ya Wakopti na Waethiopia, na mahali pake wekeni tamko la 1973, mlisome pamoja na wanafunzi wenu.