Kibali Kabla ya Shoka: Kanuni za Misitu na Riziki ya Mbao

Mada kwa vikao vya wakazi wa Elburgon, Molo, Njoro na Kuresoi



Elburgon ni mji uliokuzwa na mbao. Mashine ya kupasulia magogo ikinyamaza, anayeumia si mwenye mashine peke yake. Wapakiaji, madereva, maseremala, mama wa kibanda cha chakula na anayenunua mabanzi ya kuni wote hukosa. Kwa hiyo kanuni za misitu si jambo la maafisa pekee.

Mnamo Februari 24, 2018, serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Sababu ilikuwa nzito: mito ilikuwa inakauka, na ukataji haramu ulikuwa umefika kwenye vyanzo vya maji. Lakini siku hizo ziliongezwa tena na tena, zikawa zaidi ya miaka mitano. Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza akiwa papa hapa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Uamuzi huo nao ukapingwa mahakamani.

Funzo ni kwamba anayetegemea msitu wa serikali pekee hutegemea amri inayoweza kubadilika asubuhi moja. Kinga ya mwananchi ni kujua haki yake na kuwa nayo kwa maandishi.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu wakazi kuunda chama cha misitu cha jamii, maarufu kama CFA. Chama kikisajiliwa na kutia saini mkataba wa usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wanachama wanaweza kupewa haki ya kuokota kuni, kurina asali, kukata nyasi, kulisha mifugo, kuvuna mbao, na kulima kati ya miche michanga bila kuishi msituni. Wengi huujua mpango huu wa kilimo kwa jina la shamba system. Viazi na maharagwe hupata nafasi, na miche hupaliliwa mpaka ishike.

Lakini usajili peke yake hautoshi. Chama kisicho na mkataba hakina haki ya kudai chochote siku ya mavuno. Na mkataba una pande mbili: wanachama nao hulinda msitu dhidi ya moto na wezi wa miti. Wanachama wana haki ya kuwauliza viongozi wao: mkataba uko wapi, unatupa nini, na unaisha lini?

Kwa mwenye miti shambani, mti ni mali yake, lakini barabara ina masharti. Gari la mbao likisimamishwa bila kibali cha kusafirisha, mzigo unaweza kuzuiliwa. Asiyejua utaratibu huuza mti ungali umesimama, kwa bei ya wakala, maana wakala ndiye anayejua karatasi zinakopatikana. Miaka ya kupogoa na kusubiri huishia mfukoni mwa mwingine.

Misitu ya serikali iko chini ya KFS. Kaunti kwa upande wake imepewa na sheria hiyo kazi ya kuhimiza upanzi wa miti na kushauri jamii na watu binafsi wenye misitu yao. Ushauri huo ni haki ya mwananchi, si hisani.

Basi kabla ya shoka kuinuliwa, mwenye miti na aulize mambo matatu: kibali gani kinahitajika, kinatolewa na nani, na ada yake halali ni kiasi gani. Akilipa, adai risiti. Wakulima wakiuza kwa pamoja, watajadili bei wakiwa na nguvu.

Haba na haba hujaza kibaba.