Paka, Panya na Fanani: Mabadiliko ya Ubora katika Vibonzo vya Tom and Jerry



1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi ya watoto, vibonzo hutajwa kwa haraka, aghalabu kwa kulaumiwa, kisha huachwa. Lawama iliyozoeleka zaidi ni kwamba vibonzo vya siku hizi vimeharibika: vya zamani vilikuwa na ufundi, vya sasa ni kelele tupu. Kauli kama hiyo husemwa pia kuhusu taarabu, mashairi na malezi, na kwa kuwa ni kauli ya mazoea, haitoshi kuwa hoja. Hata hivyo haifai kupuuzwa. Mtazamaji anayefuatilia mfululizo mmoja kwa miaka mingi huona wazi kwamba kuna kitu kimebadilika, ingawa huenda asiweze kukitaja kwa jina.

Mhadhara huu unakusudia kukitafutia jina kitu hicho kwa kutumia mfano mmoja, yaani vibonzo vya Tom and Jerry vya Marekani. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni mfululizo wenye umri mrefu, ulioanza mwaka 1940. Pili, umepita katika mikono ya wasanii wengi, hivyo unaruhusu ulinganishi. Tatu, wahusika wake wakuu kwa kawaida hawasemi, kwa hiyo watoto wa Afrika Mashariki wameweza kuutazama bila kungoja tafsiri. Na kiini chake, yaani mnyonge mwerevu anayemshinda mwenye nguvu, ni kilekile cha ngano za Sungura na Fisi.

Hoja kuu ni kwamba ubora wa hadithi inayosimuliwa kwa muda mrefu haupungui kwa sababu ya umri. Hupanda na kushuka kadiri yanavyobadilika mambo matatu ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi anayafahamu vizuri: fanani, hadhira na muktadha wa usimulizi. Kati ya hayo, linalosahauliwa zaidi ni hadhira.

2.0 Ubora katika hadithi inayorudiwa

Ni vyema kuanza kwa kufafanua neno ubora. Katika ngano, upya wa kisa si sharti. Watoto waliokwisha kuitikia "Pakawa!" mara mia wanajua kabla ya kusimuliwa kwamba Fisi ataponzwa na tamaa yake. Wanachongojea ni namna atakavyoponzwa leo. Fanani bora hulinda kanuni ya hadithi na kubuni upya njia ya kuifikia. Akiivunja kanuni, hadhira hulalamika kwamba hiyo si hadithi yenyewe. Na akirudia njia ileile bila ubunifu, hadhira husinzia.

Kanuni ya Tom and Jerry ni nyepesi kuitamka. Paka anamtaka panya, nyumba ina mwenyewe asiyetaka vyombo vyake vivunjwe, na hila ya mwenye nguvu humrudia mwenyewe. Kwa msingi huo, ubora unaweza kupimwa kwa maswali mawili: je, kanuni imelindwa? Na je, njia imebuniwa upya?

3.0 Kipindi cha kwanza, 1940–1958

Filamu ya kwanza, Puss Gets the Boot, ilitolewa na kampuni ya MGM mwaka 1940. Waongozaji wake walikuwa William Hanna na Joseph Barbera. Katika filamu hiyo paka anaitwa Jasper. Majina ya Tom na Jerry yalianza kutumika katika filamu ya pili, mwaka 1941. Kuanzia hapo hadi 1958 wasanii hao wawili waliongoza filamu fupi 114, na saba kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar.

Mafanikio hayo yalikuwa na msingi wa kiufundi. Filamu ya dakika saba, kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, ina picha zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa ya mwendo ilihitaji michoro iliyofanywa kwa mkono mmojammoja. Barbera alibuni visa na vichekesho, Hanna alipanga mwendo na muda, na Scott Bradley alitunga muziki ulioandamana na kila hatua ya paka na kila mruko wa panya. Katika The Cat Concerto, filamu ya mwaka 1947, Tom anapiga piano muziki wa Franz Liszt huku Jerry, aliyekuwa amelala ndani ya piano hiyo, akimharibia tamasha lake. Vidole vya paka vinaonekana kugusa vitufe kulingana na muziki unaosikika. Kazi ya namna hiyo haifanyiki pasipo muda.

Jambo la pili, ambalo ni muhimu zaidi kwa hoja hii, ni hadhira. Filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao. Zilionyeshwa katika majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wa rika zote. Ilibidi kichekesho kimoja kimfae mtoto anayecheka kwa sababu paka ameanguka, na pia mzazi anayecheka kwa sababu ameitambua majivuno ya mpiga piano. Hadhira ya namna hii inafanana sana na hadhira ya ngano ukumbini jioni: bibi, vijana na watoto pamoja, kila mmoja akichota kwa kipimo chake.

Hata hivyo, kipindi hiki kisisifiwe kupita kiasi. Mwanamke mweusi anayetunza nyumba katika filamu nyingi za mwanzo, ambaye huonekana miguu zaidi kuliko uso, alichorwa kwa kufuata dhihaka za kibaguzi zilizoenea Marekani wakati huo. Sauti yake iliigizwa na Lillian Randolph, msanii hodari, lakini ustadi wake haukuweza kuifuta dhihaka hiyo. Mhusika huyo aliondolewa katika filamu mpya baada ya 1952, na baadaye filamu za zamani zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, baadhi ya sehemu zake zilichorwa au kurekodiwa sauti upya. Kwa hiyo anayesema kwamba vya zamani vilikuwa bora lazima aulizwe: bora katika fani, au katika maudhui? Fani ilikuwa kileleni wakati ambapo sehemu ya maudhui ilikuwa chini kabisa.

4.0 Mikono mipya, 1961–1967

Mwaka 1957 MGM iliamua kuifunga studio yake ya vibonzo. Uongozi ulikuwa umebaini kwamba kuonyesha tena filamu za zamani kulileta mapato yaliyokaribiana na ya filamu mpya. Huu ni muktadha wa kibiashara, na ndio uliomnyamazisha fanani. Uzee wa hadithi haukuhusika.

Uzalishaji uliporudi, kazi ilipewa Gene Deitch, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Prague, katika Chekoslovakia ya wakati ule. Filamu 13 zilitolewa mwaka 1961 na 1962, kwa bajeti ya takriban dola 10,000 kila moja, kiasi kilichokuwa kidogo sana kikilinganishwa na gharama za MGM. Wachoraji wake walikuwa wameona filamu chache tu za awali. Matokeo yake ni kazi zenye mwendo wa kukatikakatika na sauti zenye mwangwi wa ajabu. Watazamaji wengi wamezihesabu kuwa dhaifu kuliko zote. Hukumu hiyo inahitaji kupunguzwa ukali. Fanani huyu alipewa ngano ya watu wengine, asiyokulia nayo, aisimulie kwa theluthi ya pumzi. Kanuni aliilinda, kilichopungua ni uwezo wa kuitekeleza.

Kuanzia 1963 hadi 1967 filamu 34 zilitengenezwa chini ya Chuck Jones, msanii aliyekwisha kupata sifa kwa kazi zake katika kampuni ya Warner Bros. Tom alipewa nyusi nene, Jerry akawa na macho makubwa na sura ya kupendeza. Michoro ni mizuri, tena mara nyingi mizuri mno. Jones alipenda kuutuliza uso wa mhusika ili mtazamaji asome fikra zake, ilhali Tom and Jerry ilizaliwa kwa ukimbizani. Hapa fanani ni bingwa na fedha zipo, lakini mtindo wake unavutana na kanuni ya hadithi. Inadhihirika kwamba ubingwa wa fanani katika utanzu mmoja haumhakikishii ubingwa katika utanzu mwingine, kama vile malenga wa utenzi asivyokuwa lazima bingwa wa vitendawili.

5.0 Urafiki wa mwaka 1975

Mfano wenye mafunzo zaidi unafuata. Mwaka 1975 mfululizo mpya ulitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya ABC, na waliopewa kazi walikuwa Hanna na Barbera wenyewe, kupitia kampuni yao. Kama ubora ungekuwa mali ya fanani peke yake, wenye hadithi walikuwa wamerudi, na hadithi ingerudi pamoja nao.

Haikuwa hivyo. Katika mfululizo huo Tom na Jerry ni marafiki. Jerry amevaa tai nyekundu shingoni. Wanasafiri pamoja, wanashindana michezoni na kusaidiana. Hakuna ukimbizani wala pigo. Sababu inajulikana: katika miaka hiyo vituo vya televisheni vya Marekani vilikuwa vimebanwa na malalamiko kuhusu ukatili katika vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi, na vikaweka masharti makali. Bajeti ya televisheni nayo ililazimisha michoro michache, hivyo mwili ukakaa tuli na mdomo au mkono tu ukasogea.

Wasiwasi wa wazazi haukuwa wa kipuuzi, na mhadhara huu haukusudii kuutetea ukatili. Suala ni namna wasiwasi huo ulivyojibiwa. Katika ngano za Kiswahili, Sungura na Fisi huweza kulima shamba moja, kuoa kijiji kimoja na hata kuitana ndugu. Lakini msikilizaji anajua kwamba undugu huo una siku yake ya kuvunjika. Mgogoro wao ndio unaobeba maadili: kupitia mgogoro huo mtoto hujifunza kwamba nguvu bila akili ni mzigo, na kwamba mnyonge ana njia. Ukiwapatanisha moja kwa moja, hupati hadithi yenye maadili zaidi. Unapata wanyama wawili wasio na la kusimuliwa. Mfululizo wa 1975 ulikuwa na usalama, lakini ulipoteza kanuni, na bila kanuni hata waasisi wake hawakuweza kuuokoa.

Kilichobadilika zaidi ni hadhira. Watu wa rika zote waliondolewa, wakabaki watoto peke yao. Tena watoto waliochukuliwa kuwa viumbe wa kulindwa, si wasikilizaji wenye kupambanua. Fanani anayemdharau msikilizaji wake, hata kwa nia njema, humpunguzia hadithi.

6.0 Kurudi kwa ukimbizani

Miaka iliyofuata inathibitisha kwamba mteremko huo haukuwa wa moja kwa moja. Mfululizo wa Filmation, ulioanza 1980, uliwarudishia wawili hao uadui wao, ingawa kwa michoro ya bei nafuu. Mwaka 1990 wakafanywa watoto katika Tom & Jerry Kids. Filamu ndefu ya mwaka 1992 iliwapa sauti za kusema na kuimba na ikawafanya marafiki tena. Ikawa kosa la 1975 limerudiwa kwa gharama kubwa zaidi. Hanna alifariki mwaka 2001. Mwaka 2005 Barbera alishiriki kuongoza filamu fupi The Karate Guard, iliyorejea kwenye umbo la zamani, na alifariki mwaka uliofuata. Mifululizo ya 2006 hadi 2008 na ya 2014 hadi 2021 ilirudisha ukimbizani, safari hii kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 2021 ikatolewa filamu ndefu iliyochanganya michoro na waigizaji wa kawaida.

Kila waliporudi kwenye kanuni, hadithi ilipata uhai. Kila walipoikimbia, ilipooza. Fedha na teknolojia ziliongeza au kupunguza mng'ao, lakini hazikuwahi kuziba pengo la kanuni.

7.0 Hitimisho

Suala hili linazihusu taaluma za Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa hadithi za Afrika Mashariki nazo zimeingia katika vibonzo. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa ngano za wanyama wenye michoro inayofuata mtindo wa uchoraji ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, ulitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Ubongo Kids, unaofundisha hisabati na sayansi, ulianza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014. Watoto waliouona mwanzo wake sasa ni vijana, na baadhi yao watakuja kuwa wazazi wanaolalamika kwamba vya zamani vilikuwa bora.

Wataalamu wa fasihi wasiwaachie malalamiko hayo watu wa biashara pekee. Wanavyo vifaa vya uhakiki vinavyofaa. Waulize fanani ni nani na amepewa muda gani. Waulize muktadha unamruhusu nini na unamkataza nini. Juu ya yote, waulize hadhira imedhaniwa kuwa nani. Sungura akiingia katika televisheni kwa ajili ya watoto peke yao, na bibi akaambiwa kwamba kipindi hicho hakimhusu, basi ngano itakuwa imepoteza nusu ya wasikilizaji wake, na pengine ile nusu iliyokuwa ikiisahihisha.

Kipimo rahisi kinaweza kupendekezwa. Kibonzo cha watoto kioneshwe sebuleni, mtu mzima akiwapo. Akiinuka na kuondoka baada ya dakika mbili, watengenezaji wana kazi ya kufanya. Akibaki hadi mwisho, tena akacheka mahali ambapo mtoto hakucheka, na mtoto akamgeukia kumuuliza kwa nini amecheka, hapo hadithi bado inasimuliwa.