Taarifa ya Benki Kwenye Kompyuta: Mahali Hesabu za Kikundi Hupotelea

(Mazungumzo kwa waweka hazina na makatibu wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo linasumbua vikundi vingi siku hizi. Zamani mweka hazina alikuwa na daftari, kalamu na kitabu cha benki, basi. Leo akaunti ya kikundi inaonekana kwa simu, michango ya wanachama inaingia kwa M-Pesa, na wale wanaotusaidia wanataka hesabu iletwe ikiwa kwa Excel. Mweka hazina anaenda saiba, anapakua taarifa ya benki, anajaribu kuihamisha iingie kwa Excel, na hapo matata yanaanza. Tarehe zinageuka. Namba za simu hazisomeki. Jumla inakataa kupatana na salio la benki.

Mtasema hayo ni mambo ya kompyuta, tuwaachie vijana. Hapana. Hayo ni mambo ya kuaminiana. Jumla ikipungua shilingi 1,200 mbele ya mkutano, hakuna atakayesema kompyuta imekosea. Macho yote yatamgeukia mweka hazina. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya pesa ambazo hazikuibwa na mtu yeyote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunaongeza kwamba hata daftari likiandikwa na mashine, lazima likaguliwe na mtu.

JAMBO LA KWANZA: JUA FAILI YAKO NI YA AINA GANI

Benki inaweza kukupa taarifa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni PDF. Hii ilitengenezwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili karatasi ionekane vilevile kwa kila kompyuta na kwa kila mashine ya kuchapa. Ni kama picha ya karatasi. Jicho lako linaona safu ya tarehe na safu ya pesa, lakini ndani ya faili mara nyingi hakuna safu yoyote, ni maneno tu yaliyowekwa mahali pake. Ndiyo maana ukinakili PDF na kuibandika kwa Excel, yote yanaingia safu moja kama mahindi na maharagwe kwenye gunia moja. Na kama karatasi ilipigwa picha kwa mashine, hakuna hata herufi moja ya kunakili.

Ya pili ni CSV. Hii ni maandishi matupu. Kila mstari ni muamala mmoja, na katikati ya tarehe, maelezo na pesa kuna alama ya mkato. Haina urembo, lakini kompyuta inaielewa.

Ya tatu ni faili ya Excel yenyewe.

Basi kabla hujahangaika na PDF, iulize benki yako swali moja: "Je, tunaweza kupata taarifa hii kwa CSV au kwa Excel?" Wengi wanapakua PDF kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza, na kumbe chaguo la pili liko hapo chini. Kuuliza si ujinga. Kama ni PDF tu inayopatikana, Excel za miaka ya karibuni kwenye kompyuta za Windows zina njia ya kuingiza PDF zenyewe. Lakini ukitumia njia hiyo, hesabu mistari baada ya kuingiza. Ukurasa mmoja ukirukwa, hutaambiwa.

JAMBO LA PILI: MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza ni tarehe. Hapa Kenya tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaandika mwezi kwanza. Kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa zimewekwa desturi ya Marekani. Benki ikiandika 03/04/2024, yaani tarehe 3 Aprili, kompyuta hiyo inasoma tarehe 4 Machi. Ikifika 25/04/2024 inatafuta mwezi wa 25, haiupati, inaiacha kama maneno. Sasa mna taarifa ambayo nusu ya tarehe zimegeuka na nusu si tarehe kabisa. Memba aliyelipa mkopo tarehe 5 Juni anaonekana amelipa Mei, na mwingine anatozwa faini ya kuchelewa ambayo hakustahili.

Dawa yake ni hii. Angalia zile tarehe zimeegemea upande gani. Kwa kawaida Excel huweka tarehe na namba upande wa kulia, na maneno upande wa kushoto. Ukiona safu moja ya tarehe ambamo nyingine ziko kulia na nyingine kushoto, simama hapo hapo. Usiendelee na hesabu.

Mtego wa pili ni pesa zinazogeuka maneno. Benki ikiandika "KSh 1,200.00" au "1,200.00 CR", Excel inaona herufi, inasema hili ni neno. Ukiiambia ijumlishe, inaliruka neno hilo kimya kimya. Haipigi kelele. Jumla inatoka safi kabisa na ni ya uongo. Na katika CSV iliyotengenezwa vibaya, ule mkato wa 1,200 unadhaniwa ni mpaka wa safu, kwa hiyo unapata 1 huku na 200 kule. Ondoa herufi na mikato ya elfu kabla ya kujumlisha, kisha hakikisha pesa zote zimeegemea kulia.

Mtego wa tatu ni namba ndefu. Namba ya simu inayoanza na 0 inapoteza ile 0, kwa maana Excel inasema sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya simu iliyoandikwa na 254 ina tarakimu 12, na Excel inaweza kuionyesha kama 2.54712E+11. Hapo hujapoteza kitu, ni sura tu imebadilika. Lakini namba ikizidi tarakimu 15, zile zinazofuata Excel inazigeuza kuwa sifuri, na ukihifadhi faili zimepotea kabisa. Kwa hiyo namba za simu, za akaunti na za kitambulisho ziingizwe kama maneno. Hatutazijumlisha, kwa hiyo hatuna haja ziwe namba.

Hapa kuna siri ndogo. Faili ya CSV usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel tupu kwanza, nenda palipoandikwa Data, uchague kuingiza kutoka faili ya maandishi. Hapo utapata nafasi ya kusema safu hii ni maneno, na ile ni tarehe inayoanza na siku. Kama hamna pesa za kununua Excel, kuna programu ya LibreOffice, ambayo ni ya bure. Yenyewe hukuuliza maswali hayo kabla ya kufungua CSV.

Mtego wa nne ni taarifa ya M-Pesa, na huu unakamata hata wale hodari. Taarifa ile ina namba ya risiti, saa, maelezo, pesa zilizoingia, zilizotoka na salio. Ukituma pesa au ukilipa mahali, gharama ya kutuma inakuja kwa mstari wake peke yake, lakini ikiwa na namba ya risiti ile ile. Sasa mtu anaona risiti imejirudia, anafikiri ni kosa, anaiambia Excel ifute zilizojirudia. Gharama zote zinakwenda! Mwisho wa mwaka kikundi kinaonekana kina pesa nyingi kuliko zilizoko. Kabla hujafuta mstari, linganisha risiti, maelezo na kiasi, vyote pamoja. Tena kumbuka M-Pesa inaanza na muamala wa karibuni juu, na benki nyingine zinaanza na wa zamani.

Tusidhani mitego hii ni ya watu wa vijijini peke yao. Mwaka 2020, mwezi wa Septemba na Oktoba, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikihamisha matokeo ya vipimo vya Korona kutoka faili za CSV hadi faili za Excel za mtindo wa zamani. Mtindo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikuingia, na watu 15,841 wenye ugonjwa hawakuhesabiwa kwa wakati. Kama nchi tajiri yenye wataalamu inaweza kunaswa, mama mweka hazina asione aibu. Aibu ni kutokagua.

JAMBO LA TATU: HESABU MOJA INAYOSEMA UKWELI

Sasa nawapa kipimo ambacho hakihitaji elimu ya kompyuta. Ni kile kile cha wazee wetu. Chukua salio la mwanzo, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka. Lazima upate salio la mwisho ambalo benki imeandika.

Tuseme kikundi kilianza robo ya mwaka na shilingi 84,500. Zimeingia 62,300, zimetoka 41,750. Salio la mwisho ni 105,050, na benki imeandika 105,050. Vizuri. Lakini Excel ikikuambia zilizoingia ni 61,100, utapata 103,850. Tofauti ni 1,200. Usimwite mtu mwizi. Tafuta mchango wa 1,200 na utazame kama umeegemea kushoto. Huenda ni yule aliyegeuka neno.

Tofauti yenyewe huwa inakupa dalili:

- Ikiwa sawasawa na muamala mmoja, huenda muamala huo umerukwa au umeingia mara mbili. Hii hutokea mkipakua Januari hadi tarehe 31 Machi, kisha mkapakua tena kuanzia tarehe 31 Machi. Siku hiyo moja imekuja mara mbili.
- Ikigawanyika kwa mbili na nusu yake ikawa sawa na muamala fulani, angalia kama pesa iliyotoka imeandikwa upande wa zilizoingia.
- Kama mliandika kwa mkono na tofauti inagawanyika kwa 9, huenda tarakimu zimepishana, kwa mfano 450 imeandikwa 540. Tofauti ni 90.

Fanyeni hivi kila mwezi. Kosa la mwezi mmoja ni kazi ya nusu saa. Kosa la mwaka mzima, siku ya kugawana pesa, ni vita.

JAMBO LA NNE: USALAMA NA UWAZI

Mtu akishindwa na PDF, anaambiwa kuna mahali kwenye intaneti ambapo unaipeleka na inarudi ikiwa Excel, bure. Ndugu zangu, tufikirie. Taarifa ile ina majina ya wanachama, namba za simu na pesa za kila mmoja. Unampelekea mtu usiyemjua. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za watu si za kutupwa ovyo. Afadhali mkae wawili, mmoja asome na mwingine aandike kwa mkono. Na mkitumia kompyuta ya saiba, futeni faili na mtoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Namba ya siri haitajwi kwa sauti, wala haiachwi kwa kijana wa saiba ati atawasaidia kesho.

La mwisho, nalo ni kubwa. Faili ya Excel inaweza kubadilishwa na yeyote aliye na kibodi. Kwa hiyo Excel si ushahidi. Ushahidi ni taarifa ya benki yenyewe. Hifadhini ile faili ya kwanza kama ilivyotoka, msiiguse, na mfanye kazi kwa nakala. Mwenyekiti na katibu waione taarifa ya benki kwa macho yao, si ile jumla tu iliyoletwa na mweka hazina. Hii si kumshuku. Ni kumlinda. Mweka hazina ambaye hesabu zake zimeonwa na watu watatu analala usingizi.

Wapendwa, kompyuta ni jembe. Jembe halijui mpaka wa shamba, mwenye shamba ndiye anayejua. Pesa zile ni za mama aliyeuza maziwa na kijana aliyebeba mchanga. Tuzihesabu kama watu wanaojua zilikotoka.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taarifa ya benki ya kikundi chetu inapakuliwa na nani, na ni nani mwingine anayeiona?
2. Je, tumewahi kuiuliza benki kama inatoa CSV au Excel?
3. Mara ya mwisho tulilinganisha salio letu na la benki lini? Tofauti ikipatikana, tutafanya nini kabla ya kumlaumu mtu?
4. Gharama za M-Pesa zinaandikwa wapi katika hesabu zetu?
5. Mweka hazina akiugua leo, ni nani anayejua faili ziko wapi?